Lambo la Zamani na Macho ya Wateka Maji



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tumeazimia kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tuishio mijini twakipita njiani bila kukitazama, ilhali jamaa zetu wengi walio bara ya Kwale na Kilifi hawana maji mengine ila hayo. Kitu chenyewe ni lambo, lile bwawa dogo lililozuiwa kwa tuta la udongo, ambalo wengine huliita silanga. Ukifuata barabara ya Mariakani hadi Samburu, au ukishika njia ya Kinango, au ukipanda kutoka Kilifi kuelekea Ganze na Bamba, utayaona malambo hayo kando ya njia: maji ya rangi ya udongo, ng'ombe upande mmoja, na upande wa pili wanawake na madumu yao.

Sisi wa Mombasa twaletewa maji kwa mabomba kutoka chemchemi za Mzima, chemchemi ya Marere, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki na vile vya Tiwi. Yakikatika, twalalamika, kisha twanunua mkokoteni mmoja. Mwenzetu wa bara lambo likikauka hutembea saa nyingi kutafuta jingine. Na likipasuka, huenda asipate hata nafasi ya kutembea.

Malambo mengi ya nchi hii ni ya zamani. Yapo yaliyochimbwa zama za ukoloni, yapo ya miaka ya mwanzo ya uhuru, na yapo yaliyojengwa na wahisani waliokata utepe wakaondoka. Fundi aliyesimamia kazi amekwisha kufa au amehama, ramani haijulikani iliko, na kamati iliyochaguliwa siku ile imebaki jina. Tuta limebaki peke yake, likizuia maji masika baada ya masika.

Neno letu la leo ni moja. Lambo halifi ghafla. Huugua kwa muda mrefu kabla ya siku yake, na wa kwanza kuuona ugonjwa wake ni yule alifikiaye kila alfajiri, ambaye aghalabu ni mwanamke. Macho hayo yaliyo karibu zaidi na tuta ndiyo ambayo hakuna aliyeyapa kazi wala mahali pa kusema yaliyoyaona.

Uzito wa maji

Kila mwanamke aliyewahi kujitwika dumu la lita 20 aujua uzito wa maji kwa shingo yake: ni kilo 20, mbali na dumu lenyewe. Mita moja ya ujazo ni madumu 50, nayo ina uzani wa tani moja. Sasa tuchukue lambo la kadiri, lenye mita za ujazo 50,000. Hayo ni madumu 2,500,000, au tani 50,000, yaliyowekwa nyuma ya ukuta wa udongo, usiku na mchana, yakitafuta njia ya kuteremka.

Msukumo wa maji haufuati upana wa lambo, wafuata kina chake. Penye kina cha mita 4, kila mita moja ya mraba ya sehemu ya chini ya tuta husukumwa kwa nguvu ya tani 4, sawa na madumu 200. Ndiyo sababu tuta hujengwa pana sana chini na jembamba juu, na udongo wake, hasa ule wa mfinyanzi, hushindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka ushikane. Tuta lililojengwa hivyo na likatunzwa laweza kudumu vizazi. Likiachwa bila kutunzwa, kuna milango miwili ambayo mauti huiingia zaidi.

Mlango wa kwanza ni wa juu. Kila lambo lapaswa kuwa na mkondo wa kupitishia maji yaliyozidi, uliochimbwa pembeni, chini kidogo ya kilele cha tuta. Mvua kubwa ikija, maji yashike mkondo huo, yasipite juu ya tuta. Mkondo ukiziba kwa vichaka, tope au takataka, maji hupanda hadi kileleni na kuanza kumwagikia upande wa nyuma. Udongo hauna ubishi na maji yaendayo mbio. Hukwanguliwa, mfereji ukafanyika, mfereji ukawa korongo, na katika muda mfupi lambo zima likapita hapo.

Mlango wa pili ni wa ndani, nao ni wa hila zaidi. Maji hupata upenyo katika tuta, pengine penye mzizi uliooza, tundu la panya, njia za mchwa, au kando ya bomba la zamani. Mwanzo ni jasho tu upande mkavu. Kisha maji huanza kubeba chembe za udongo. Tundu huanzia nyuma, likarudi ndani chembe kwa chembe kuelekea kwenye maji, na siku litakapoyafikia, tuta litakuwa na bomba ndani yake ambalo hakuna fundi aliyeliweka. Kwa juu, watu hupita na mifugo yao na kuona majani mabichi tu.

Waswahili tumezoea kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika lambo methali hii ni nyepesi mno. Asiyeziba ufa wa lambo huenda asiwepo wa kujenga.

Usiku wa Solai

Jumatano, tarehe 9 Mei 2018, Ramadhani ikiwa imebakisha wiki moja hivi, bwawa la Patel katika shamba moja la kibinafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku baada ya majuma ya mvua nyingi. Lilikuwa bwawa la kawaida la kuhifadhi maji ya shamba, si miongoni mwa yale makubwa ya umeme ambayo majina yake twayasoma vitabuni. Maji yaliteremka juu ya makazi yaliyokuwa chini yake, yakabeba nyumba, shule, mifugo na watu. Waliofariki walikuwa zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa majumbani mwao saa hizo.

Baada ya msiba, mamlaka ya maji ilieleza kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Baraza la Seneti liliunda kamati ya uchunguzi, na mashtaka yakafunguliwa mahakamani, ambako waliotajwa waliyakana. Hatukusudii kuhukumu. Twataka msomaji azingatie jambo moja tu: Solai ilitufundisha kwamba udogo wa bwawa si usalama. Kinachopima hatari ni nani analala chini yake.

Somo hilo lilirudi tena katika mafuriko ya mwaka 2024. Mwishoni mwa Aprili maji yaliwafagia watu huko Mai Mahiu, na habari za mwanzo zikasema bwawa limepasuka. Baadaye ilielezwa kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kalvati iliyoziba chini ya reli ya zamani, yakafanya bwawa ambalo hakuna aliyelijenga wala aliyelijua. Takataka zilizoziba tundu moja ziliua watu wengi. Siku chache baadaye serikali ikawaamuru wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame mara moja. Idadi hiyo yatosha kutuonyesha kwamba jambo hili si la kijiji kimoja.

Nasi wa Pwani tuna hatari yetu ya pekee. Kati ya mwaka 2020 na mapema 2023 ukame ulitukalia msimu baada ya msimu, kisha vuli ya mwaka 2023 ikaja na mafuriko. Udongo wa mfinyanzi ukikaa mkavu muda mrefu hupasuka, kama tuonavyo katika sakafu ya lambo lililokauka. Tuta nalo hupasuka vivyo hivyo, ila nyufa zake zafichwa na nyasi. Kwa hiyo lambo kongwe lijaapo kwa haraka baada ya kiangazi kirefu, siku ile ya furaha ndiyo siku ya kulitazama zaidi.

Walioonywa na waliotengeneza

Ndugu zetu wa Derna, nchini Libya, walikuwa na mabwawa mawili juu ya bonde linalokatiza mji wao, yaliyojengwa miaka ya 1970. Hayo yalikuwa ya kuzuia mafuriko, si ya maji ya kunywa, lakini kisa chake ni kimoja na chetu. Nyufa zilijulikana tangu miaka ya 1990. Mkataba wa kuyakarabati ulitolewa mwaka 2007, na kazi ikakatika nchi ilipoingia vitani mwaka 2011. Mwaka 2022 mtaalamu mmoja wa maji wa nchi hiyo alichapisha makala ya kitaalamu akionya kwamba matengenezo ni ya dharura. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 tufani iliyoitwa Daniel ilileta mvua ambayo mabwawa hayo hayakuweza kuihimili. Yote mawili yalivunjika, na maelfu ya watu wakachukuliwa hadi baharini. Allah awarehemu. Derna haikukosa ujuzi. Ujuzi ulikuwepo kwa maandishi, na hakuna aliyeufanyia kazi.

Kinyume chake ni bwawa la kale, lile la Maarib nchini Yemen, la watu wa Sabaa. Kisa cha mafuriko yake, Saylul-Arim, kimo katika Sura ya 34, na wengi wetu twakijua tangu chuoni. Lisilojulikana na wengi ni kwamba lilikuwa tuta la udongo lililofunikwa mawe, lenye urefu wa takriban mita 600, na kwamba lilidumu kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya kuvunjika kwake kwa mwisho katika karne ya sita. Halikudumu kwa sababu halikuwa likibomoka. Lilibomoka mara nyingi, na kila mara likatengenezwa. Maandishi yaliyochongwa katika jiwe yasimulia ukarabati mkubwa wa karibu mwaka 548, na aliyeusimamia ni Abraha, yule yule wa jeshi la ndovu. Hata jabari yule alijua kwamba tuta likiachwa, bustani zote zitakwenda.

Twaelewa kutokana na kisa cha Sabaa kwamba neema isiyoshukuriwa huondoka. Na shukrani ya lambo haiwi ya ulimi peke yake. Kung'oa kichaka kilichoota juu ya tuta ni shukrani. Kuzibua mkondo kabla ya masika ni shukrani.

Dalili ambazo mteka maji aziona

Wahandisi hutumia vyombo vya thamani, lakini dalili za mwanzo za ugonjwa wa tuta huonekana kwa macho matupu. Twaziandika hapa ili mama azisome na binti yake, na binti amsomee bibi yake asiyeona vizuri.

Kwanza, tazama kilele cha tuta. Chapaswa kuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali palipobonyea ndipo maji yatakapopita kwanza lambo likijaa. Aghalabu mabonde hayo huchimbwa na kwato, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi hupenda kufuata njia moja. Dawa yake si ghali: uwa wa miiba pande mbili za tuta, na hori la kunyweshea mifugo mahali pengine.

Pili, tazama kilichoota. Nyasi fupi ni rafiki wa tuta, kwani mizizi yake hushika udongo. Miti na vichaka ni adui. Mzizi ukifa huacha tundu, na kivuli chake huficha mashimo ya panya, kenge na nguchiro. Kichuguu juu ya tuta kisichukuliwe kuwa jambo la kawaida, maana mchwa huchimba njia ndefu ndani. Lakini mti uliokwisha kuwa mkubwa usikatwe ovyo, kwa kuwa kisiki kitakachooza ni hatari mpya. Hapo aulizwe mtaalamu.

Tatu, tazama upande mkavu. Ukiona kiraka kibichi wakati wa kiangazi, au matope yasiyokauka, au mafunjo yameota pasipokuwa na maji, ujue maji yapita ndani. Malambo mengi huvuja kidogo na yakaishi. Swali kubwa ni rangi. Maji yanayotoka yakiwa safi, tuta lavuja. Yakiwa na rangi ya udongo, tuta laliwa.

Hapa mwanamke ana kipimo chake. Ateke maji hayo kwa chupa ya kioo, ayaache yatulie usiku kucha, asubuhi atazame masimbi chini ya chupa. Aandike tarehe juu yake na kuiweka. Baada ya wiki afanye tena. Chupa tatu zilizopangwa juu ya meza, kila moja ikiwa na masimbi mengi kuliko iliyotangulia, ni ushahidi ambao hakuna afisa wa kuukana. Aidha ahesabu muda wa maji hayo kujaza kopo la lita moja. Kina cha lambo kikiwa kile kile na muda ukipungua wiki hadi wiki, njia ya ndani yapanuka.

Nne, tazama nyufa na mmomonyoko. Ufa unaofuata urefu wa tuta waweza kuwa dalili kwamba upande mmoja wataka kuporomoka. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji hadi upande mkavu ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni mlango uliokwisha kuchorwa.

Tano, tazama mkondo wa maji yaliyozidi. Je, u wazi? Je, umeota miti? Je, kuna aliyejenga kibanda au kulima ndani yake kwa kuwa umekaa mkavu miaka mingi?

Katika hili la tano pana jambo linalotaka busara. Wapo wanaouziba mkondo kwa makusudi, kwa magunia ya mchanga, ili lambo lishike maji zaidi. Hatuwezi kuwakemea kama watu wasiojali. Lambo limejaa tope mpaka kina chake kimepungua, kiangazi kilichopita kiliua mifugo, na mama wa watoto watano aona maji yakimwagika bure kwenda baharini. Ni nani asiyetamani kuyazuia? Lakini kila gunia liwekwalo pale hulipandisha lambo karibu na kilele cha tuta, na mvua moja ya usiku yatosha. Anayetaka maji zaidi na alichimbe tope wakati wa kiangazi, kina kiongezeke kwa chini. Kuongeza maji kwa juu ni kukopa kwa wale wanaolala bondeni, bila ya kuwauliza.

Kadhalika, ukiona tundu litoalo maji machafu usikimbilie saruji. Maji yaliyozibiwa hapa hutokea pale. Wajuzi wa kazi hii huweka juu ya tundu mchanga, kisha kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki, kama kifumbu kichujavyo tui na kuacha machicha ndani. Kazi hiyo wasimamie wao, na lambo lipunguzwe maji kwanza.

Kusema, na kusikilizwa

Kuona bila kusema hakumwokoi mtu. Na kusema kuna namna yake. Ukimwambia chifu kwamba lambo linavuja, atakujibu kwamba limevuja tangu utotoni mwake. Mwambie hivi: upande wa kusini, chini ya mkunazi, yatoka maji ya rangi ya chai, Ijumaa iliyopita yalijaza kopo la lita moja kwa dakika tatu, leo yalijaza kwa dakika moja, na picha hizi hapa katika simu. Maneno kama hayo hayapuuzwi kirahisi, na yakipuuzwa, tarehe na picha zake zimebaki.

Yafikishwe kwa kamati ya lambo na mzee wa mtaa, kisha kwa chifu na afisa wa maji wa kaunti. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, anayejenga lambo hutakiwa kuwa na kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mamlaka hiyo ndiyo yenye jukumu la kusimamia usalama wake. Sheria hiyo hiyo yatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Basi mwanamke asiingie katika kamati ili apike chai ya mkutano. Aingie na daftari lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyefika kwenye tuta siku 300 za mwaka ilhali mwenyekiti alifika mara mbili.

Pamoja na hayo, kila kijiji kilicho chini ya lambo kijiulize swali la usiku. Solai maji yalikuja usiku. Derna yalikuja usiku. Nani atamwamsha aliyelala? Vijiji vyetu vina kipaza sauti cha msikiti, na sauti hiyo hufika kila nyumba. Imamu na kamati wakubaliane mapema na wanaoishi karibu na tuta ni tangazo gani litakalotolewa, na watu waelekee wapi. Njia ya kuokoka ni kupanda ubavuni mwa bonde hadi palipoinuka. Asikimbie mtu kufuata mkondo kwenda chini, wala asisimame juu ya tuta kutazama. Ijulikane pia ni nyumba gani ina mgonjwa, mzee asiyeweza kutembea, au mzazi mwenye kichanga, na nani atakayembeba.

Wala tusisahau kwamba lambo laweza kudhuru bila kupasuka. Watoto huzama humo, hasa pale kingo zilipokuwa na utelezi. Konokono wa maji yaliyotuama hueneza kichocho, maradhi ambayo Pwani yayajua vyema, na maji yanayoshirikiwa na mifugo huleta kuhara. Watoto wasiogelee humo, nguo zifuliwe mbali na ukingo, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Uwa ule ule wa miiba uhifadhio tuta na kingo waweza kuhifadhi mtoto.

Sadaka isiyo na kibao

Tumalizie kwa neno la kwetu wenyewe, sisi tulio mijini na tulio ng'ambo, tunaopenda kutoa. Alhamdulillah, umma huu ni mwepesi wa kuchangia maji. Ukipitishwa mchango wa kuchimba lambo jipya au kisima, fedha hupatikana, na kibao hubandikwa chenye jina la marehemu aliyekusudiwa thawabu. Hilo ni jema, na Allah apokee. Lakini ni mara ngapi tumesikia mchango wa kufyeka tuta la lambo la zamani? Ni nani aliyewahi kutoa kwa ajili ya kuzibua mkondo, kujaza kilele kilichobonyea, au kumlipa mhandisi nauli na posho aje atazame kwa siku moja?

Wazee wetu walilijua hili. Walipoweka wakfu wa msikiti au kisima, hawakutoa jengo peke yake. Waliweka pia minazi au nyumba ya kupangisha, ili pato lake linunue mafuta ya taa, kamba na ndoo, na kumlipa fundi. Walifahamu kwamba sadaka yenye kuendelea yahitaji kitu cha kuiendeleza. Sisi twachimba lambo na kuliacha yatima, kisha twashangaa likigeuka msiba.

Basi twapendekeza jambo jepesi. Kila familia yenye asili ya bara ambayo ina jamaa wanaotumia lambo iulize, kabla ya masika, mambo matatu: mkondo u wazi, tuta limefyekwa, na kuna aliyeona maji machafu upande wa nyuma? Vikundi vya akina mama vyenye mifuko ya kusaidiana vitenge fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya matunzo, na lisiguswe kwa harusi wala mazishi. Na anayetaka kumfanyia mzazi wake sadaka mwaka huu, kabla ya kuchimba jipya, aulize kama lile la zamani bado laweza kuokolewa. Huenda gharama ya kulitengeneza ikawa ndogo, na wanaolala chini yake wakawa wengi.

Hapatakuwa na kibao. Hakuna anayebandika jina juu ya lambo ambalo halikupasuka. Lakini Mwenye kuhesabu haandiki kwa kutazama vibao.

Twamuomba Allah Subhanahu wa Taala ayajaalie maji yetu kuwa neema wala si adhabu, awarehemu waliochukuliwa na mafuriko, na awape subira waliobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq.